Bangili ya Mwisho

Radhiya alipoona jirani zake wanaingia uani na mikeka kama ya msibani, alianza kuvua bangili zake, kama afanyavyo mjane anayeingia eda.

Tangu asubuhi kijiji kizima cha Kizingitini, kisiwani, kilikuwa kikizungumzia gari la jeshi lililolipuliwa bara, karibu na kambi ya mumewe. Alikuwa amempigia simu bila kumpata, hata simu yake ikaisha chaji.

Bangili ya mwisho ilikwama kwenye mfupa wa kidole gumba. Akaivuta mpaka ngozi ikachubuka.

“Wafanyani wewe?” Bibi aliyetangulia alitupa mkeka, akamshika mkono. “Mumeo mzima! Amepiga kwangu sasa hivi, yako haipatikani. Hakuwamo garini. Tumekuja kukaa nawe, tukupikie, tumwombee dua. Usibaki na mtoto peke yenu mpaka arudi.”

Radhiya akaketi pale pale sakafuni, akalia kwa sauti, kisha akacheka.

Bintiye mdogo akaokota bangili, akaanza kumvisha mama yake moja moja. Ile iliyokwama haikuhitaji kuvishwa.