Bakuli la Ng'ambo

Daraja lilianza kujengwa kutoka pande mbili: serikali huku, kampuni kule. Uchaguzi ulipopita, wakubwa wapya waliusimamisha mkataba wa waliowatangulia, na katikati ya mto likabaki pengo. Mashavu alilinda upande wa serikali, Nassibu upande wa kampuni. Juu ya pengo mafundi walikuwa wameacha ndoo kubwa ya zege ikining'inia kwenye kamba, na kwa miaka miwili ndoo hiyo ilivusha bakuli la Nassibu. Likija na samaki, Mashavu alilirudisha na mihogo, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Asubuhi hiyo mkataba ulivunjwa kabisa. Walinzi wote wawili waliambiwa waondoke kabla ya adhuhuri. Bakuli lilikuwa kwa Mashavu, na jikoni hakuwa na hata punje.

"Bi Mashavu, lilete hivyo hivyo!" Nassibu alipaza sauti.

"Tupu? Mama yangu hakunilea hivyo!"

Alivua viatu, akajitosa ndani ya ndoo, akalipakata bakuli.

"Haya, vuta! Leo linakuja na mimi."

Nassibu alitema mate viganjani, akaishika kamba. Kamba ikalia, na ndoo ikauacha upande wa serikali.