Kimya cha Hafsa

Jana ilikuwapo, ile alama ndogo ya bluetooth kwenye kona ya kioo. Leo watu wamekaa mkekani wanangoja ndoa, haipo. Uweso alibofya hapa, akabofya pale, jasho likamtiririka ndani ya kanzu. Laptopu ilikuwa imejisasisha yenyewe alfajiri, bila hodi, na sasa spika iliyowekwa katikati ya mkeka haitoi hata mkwaruzo.

"Vipi, fundi?" aliuliza Mzee Mwinchande, baba yake mdogo. "Shehe ana nikahi nyingine Makorora."

"Dakika moja, baba."

Dakika moja hiyo alishaiomba mpaka imechakaa.

Baraza lote la nyumba yao ya Nguvumali lilijaa wanaume, bwana harusi Tahiri katikati yao, kichwa kainamisha. Kwenye kioo alionekana Hafsa, mdogo wake Uweso, aliyeko kazini Maskati, kakaa mbele ya kompyuta ya huko. Picha safi, sauti hakuna. Spika za laptopu yenyewe zilikufa zamani, na simu yake Hafsa alikuwa ameizima kama alivyoagizwa na baba mdogo, isije ikalia katikati ya nikahi.

Wageni walidhani Uweso anahangaikia sherehe. Wangejua! Juzi Hafsa alimpigia analia.

"Huyo mtu simjui, kaka. Hakuna aliyeniuliza, nimeambiwa tu siku. Nikimweleza baba mdogo ananikatia simu. Lakini kwenye nikahi lazima niulizwe, mbele ya shehe na mashahidi. Hapo nitasema sitaki, wote wasikie. Wewe nihakikishie sauti tu."

Akamwahidi. Na sasa ndiyo hivi. Kila mtu pale barazani alijua desturi: marehemu baba yao hayupo, anayeozesha ni baba mdogo, na mwari sharti aulizwe. Na mwari akiulizwa akanyamaza, basi ameridhia. Haya imemzuia kusema, ndivyo watu wanavyohesabu.

Uweso aliizima laptopu, akaiwasha. Hola. Akaizima tena, akachomoa na waya wa chaji, akaiacha ipumue, akaiwasha, akampigia Hafsa upya. Hola. Akaizima spika nayo, akaiwasha. Ilimwakia taa ya buluu, ikamkodolea tu.

"Mwacheni kijana wa watu!" shangazi Mboni alitia neno lake kutoka mlangoni. "Siku hizi wari hawaoni haya, zinazoona haya ni mashine!"

Baraza zima likaangua kicheko. Kule Maskati, Hafsa naye akatabasamu. Uweso akamwona, akakasirika kwelikweli. Mwenzio nakufa huku, wewe unacheka na nani?

Akageuza mgongo ili baba mdogo asione, akamfanyia Hafsa ishara ya kuandika. Hafsa akatikisa kichwa. Haya, anataka kusema kwa kinywa chake, Uweso akajiambia. Ni haki yake. Akafungua orodha ya draiva, vile viprogramu vinavyoisemesha laptopu na vifaa vyake, akaitafuta ya bluetooth, akaamuru irudishwe ile ya zamani. Kimstari kikaanza kutambaa kwenye kioo, polepole kama kimetumwa na adui.

"Basi, yatosha," alisema Mzee Mwinchande. "Sura yake tunaiona. Hasemi kitu, na mwari asiyesema karidhia. Tahiri, lete mkono tufunge."

Tahiri akainua kichwa. Mkono hakuutoa.

"Samahani, baba. Hajaulizwa huyu."

"Kijana, ridhaa yake naijua mimi."

"Sikatai. Lakini hiki ni kimya cha mashine, si chake. Akisema hataki, nitainuka na kwenda zangu, wala sitamlaumu. Ila sioi mtu asiyeulizwa. Hata tukikaa hapa mpaka kesho."

Minong'ono ikazuka. Wajomba wa Tahiri wakamfinya, wakamwambia anawatia aibu mbele za watu. Shehe akatazama saa. Mjomba mmoja, mtu wa miraba minne, akaushika mkono wa Tahiri kwa nguvu na kuusogeza kwenye kiganja cha Mzee Mwinchande. Uweso akaangalia kile kimstari. Kilikuwa kimefika nusu, kimeganda.

Ya kusubiri tena yalikuwa yapi? Akasimama.

"Hataki!" alipiga kelele. "Dada yangu hataki! Kaniambia mwenyewe, analia! Hataki!"

Yallah, pakachafuka. Mzee Mwinchande alishika kichwa, akaita jina la marehemu kaka yake. Shangazi Mboni alijiziba mdomo kwa upande wa leso. Wajomba wakainuka kwa hasira, wakasema kumbe wameitwa kuja kuchezewa. Tahiri peke yake hakugomba. Aliwaaga wazee kwa adabu, mmoja mmoja, akampa Uweso mkono, akasema, "Umefanya vizuri kusema." Kisha akatoka kizingitini kutafuta viatu vyake kwenye lundo la viatu vya wageni. Uweso alitamani ardhi ipasuke, lakini moyoni alipumua. Ahadi ameitimiza, liwalo na liwe.

Nyuma yake, spika ikalia kidogo. Kimstari kilikuwa kimefika mwisho.

"Kaka Uweso, kaa chini basi," sauti ya Hafsa ilijaa baraza zima, na pumzi yake ikasikika. "Nawasikia tangu mlipotandika mkeka. Baba mdogo, mwite Tahiri asivae viatu. Nimekubali."