Kihariri Chepesi

Tangu kila nyumba ipangiwe kompyuta moja tu, kila kitu huigombania: taa, mlango, na mashine inayomsaidia Mzee Elinami kupumua. Ndiyo maana binti yake Tumsifu, anayeandika programu nyumbani, alichagua kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo, kilicho chepesi kuliko vyote. Hakina rangi, wala hakimwonyeshi akikosea. Kile kizito huonyesha makosa yote, lakini kikifunguliwa, mashine ya baba husimama.

Leo kazi yake imerudishwa mara mbili kwa makosa. Ikirudishwa tena, ataachishwa kazi.

“Fungua kile kizito,” baba akasema kutoka chumba cha pili. “Nitabana pumzi. Nikishindwa nitagonga ukuta.”

“Baba, juzi ulichelewa kugonga.”

“Juzi nililala vibaya. Fungua, mama.”

Akafungua. Makosa matano yakawaka mekundu. Akarekebisha la kwanza, la pili, la tatu, sikio likiwa ukutani. La nne lilimsumbua. La tano lilikuwa nukta tu.

Akakifunga, na mashine ikaanza tena kuvuma.

“Tayari, baba.”

Baba hakujibu. Ukuta nao ulikuwa kimya, kana kwamba hakuwa ameshindwa.