Mwanamke wa Sanduku la Posta

Siku aliyokufa, mwandishi alikuwa amevaa suti mpya ambayo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuiona. Alianguka kwenye ngazi za nyumba ya wageni, mji wa pili, begi mkono mmoja, maua mkono wa pili. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda kuonana na mchapishaji.

Ndugu walipofika hospitali walimkuta mkewe keshatangulia, kakaa kwenye benchi na mkoba mapajani. Wakasema moyo wa mke hausubiri simu.

Riwaya sabini na tatu za mapenzi aliziacha. Wasomaji walimwita Fundi wa Mahaba. Ndani ya vitabu vyake wanaume walipiga magoti mvuani na kuwafuta wapenzi wao machozi kwa ncha ya kidole. Nyumbani, Fundi akitaka chai aligonga kikombe kwa kijiko. Mara moja, chai. Mara mbili, sukari haitoshi. Mkewe aliuitikia mlio huo wa kikombe kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo hakuitwa jina lake hata siku moja.

Msibani wasomaji walijaa uani, kila mmoja na kitabu chake kama tiketi. Muuguzi mmoja alimshika mjane mikono yote miwili.

"Mama, wewe ulipendwa."

"Nilipendwa kama kiti kinavyopendwa," mjane alisema. "Mtu hukikumbuka akichoka."

Muuguzi akadhani ni utani wa majonzi, akaanza kulia upya.

Wiki ya tatu alikuja mhariri wa vitabu vyake, mwanamke mwenye miwani, na boksi la viatu kwapani. Wifi wa mjane, dada wa marehemu, alivuta kiti karibu ili asipitwe na neno.

"Mama, sijui nianzie wapi," mhariri alisema.

"Anzia kwenye baya. Zuri halina haraka."

Basi akasema. Vitabu vinane vya kwanza vya marehemu vilidoda, kwa sababu wanawake wake walizungumza kama tangazo la sabuni. Kuanzia cha tisa wakaanza kutoa maneno ya kukata maini, na ofisini wote wakaamini mwandishi amekomaa. Juzi, katika kusafisha droo aliyokuwa nayo pale ofisini, wamekuta barua mia mbili za msomaji mmoja. Hana jina, ana namba ya sanduku la posta tu. Kila neno tamu lililowahi kutoka kinywani mwa mwanamke wa Fundi limo humo.

"Kwa hiyo alikuwa mwizi," mjane alisema.

"Tuseme alivutiwa, mama."

"Hata kicheche huvutiwa na kuku."

Wifi hakuwa na habari na uandishi. "Na begi lile? Na maua? Si huyo aliyekuwa akimwendea? Malaya wa kalamu. Wifi, lete kiberiti, tuyamalize hapa hapa kabla hayajafika magazetini."

Mjane aliuweka mkono wake juu ya boksi. "Walikuwa wanaonana?"

"Hawakuwahi," mhariri alisema. "Miaka ishirini na miwili marehemu alimwomba, naye akakataa. Mwaka huu ndipo akakubali."

"Mimi alinisemaje kwake?"

Mhariri akaangalia sakafu. Marehemu alijipenda kiasi kwamba aliweka nakala ya kila alichoandika, hata barua. Akatoa karatasi moja, akasoma kwa sauti ndogo: "'Mke wangu ni mtu mwema, ila ndani yake hamna neno. Ukimtikisa utasikia masufuria.'"

Wifi alicheka kabla hajajizuia, kisha akajifanya kukohoa.

"Sentensi nzuri hiyo," mjane alisema. "Nadhani ndiyo pekee aliyoitunga mwenyewe."

Lililobaki lilikuwa hili. Riwaya ya sabini na nne ilikuwa tayari, isipokuwa sura ya mwisho. Marehemu alikuwa akiisubiri kutoka kwa yule mwanamke. Ofisi ilitaka kumtafuta kwa tangazo, lakini barua sasa ni mali ya mjane. Akizichoma, hakuna atakayejua kwamba mwanamke huyo aliwahi kuandika hata mstari.

"Zichomwe," wifi akasema. "Hata leo."

"Zinabaki kwangu," mjane akasema. "Na tangazo msitoe."

"Uzifanyie nini? Uwe unazisoma unalia?"

"Wifi, nimekaa na kaka yako miaka thelathini na moja. Machozi niliyobakiza ni ya vitunguu."

Mhariri alishusha pumzi, akatoa karatasi tupu na kalamu. Utaratibu wa ofisi ulitaka mpokeaji aandike kwa mkono wake kwamba amekabidhiwa barua zote.

"Nipe mimi niandike," wifi akasema. "Huyu hajazoea kalamu. Humu ndani hata orodha ya sokoni aliandika marehemu."

Mjane alikwishaichukua kalamu. Aliandika mistari mitatu bila kusita wala kufuta, akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

Mhariri aliisoma. Kisha akachukua bahasha ya juu kabisa kwenye boksi, akailaza kando ya ile karatasi. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. Alitazama mwandiko huu, akatazama ule, akamtazama mjane.

Riwaya ya sabini na nne inatoka mwezi wa tisa. Sura ya mwisho mjane anaimaliza wiki hii.