Kikombe cha Pili

Hidaya alikuwa akilijaribu dodoso lake la upweke kwa Bi Sikudhani, mjane, wakati wa chai ya asubuhi.

"Kuanzia moja hadi tano, bibi, upweke wako ni kiasi gani?"

"Moja, mjukuu wangu. Alhamdulillahi."

Mtaa mzima ulikuwa umejibu moja. Nani ataanza kumlilia mgeni shida zake? Hidaya akalikata swali, akaandika jingine papo hapo.

"Kila asubuhi unamimina vikombe vingapi?"

"Viwili."

"Cha pili anakunywa nani?"

Bi Sikudhani aliinamisha macho kwenye kikombe kilichojaa kando ya chake. "Huwa kinapoa tu." Kisha akakisukuma taratibu hadi mbele ya Hidaya. "Leo bado cha moto."

Hidaya akaweka kalamu chini, akakipokea kwa mikono miwili. Kisanduku cha jibu kilibaki kitupu.