Maji ya Kisima cha Binti

Kichupa kiligeuka rangi ya waridi kwa mara ya pili. Marlys, msimamizi wa maabara ya maji ya kaunti, mama anayeheshimika kiasi kwamba hata mashine ya kahawa humtii, alikikazia macho kama mwalimu wa zamu aliyemkamata mtoro.

Waridi maana yake naitreti, mbolea ya mashamba ya mahindi iliyozama mpaka kisimani. Ikikolea hivi, damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba hewa.

"Bosi, hata ukikitisha hakitapauka," fundi wake alimtania kutoka kwenye sinki. "Kisima cha nani hicho?"

Marlys aliisoma tena lebo ya kichupa. Kilikuwa cha binti yake, aliyejifungua juzijuzi. Maji yakiwa mabaya, msimamizi mwenyewe ndiye hupiga simu, basi akapiga.

"Mama! Nilijua tu. Huwezi kumaliza asubuhi bila kumuulizia mjukuu wako."

"Mwanangu, maziwa yake ya kopo unayakoroga na maji gani?"

"Ya kisima. Nachemsha kwanza, kama ulivyoniagiza."

Ni kweli alimwagiza, akiwafikiria vijidudu peke yao. Vijidudu hufa kwa moto. Naitreti haifi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea.

"Tena siku hizi nayaacha yachemke mpaka yabaki nusu," binti alisema kwa fahari. "Ila leo midomo yake imekuwa ya bluubluu hivi. Ni baridi tu, sivyo, Mama?"