Tausi Azindua Mtambo wa Kurushia Ndege

Zamani, mimi na wewe hatujawa hata wazo, Kiboko aliwabeba ndege walinzi mgongoni, katikati ya ziwa. Mgongo ulikuwa mfupi, na Korongo mzito hakupata pa kukimbilia aruke. Basi wakafunga mtambo mpya: mwanzi uliopindwa, ukashikwa na kamba. Kamba ikikatwa, aliyekaa juu yake anarushwa.

Siku ya uzinduzi, Korongo akamwona Kenge anaogelea kuelekea kiota chake ng'ambo.

"Kaka Kiboko, nirushe! Mayai yangu yataliwa!"

"Bado, shemeji. Mgeni rasmi hajahutubia."

Mgeni rasmi, Tausi, alipenda mno kuonekana. Akapanda juu ya mwanzi, akahutubia mpaka vyura wakasinzia.

"Mheshimiwa, fupisha!" Korongo akalia.

"Tulia, mama. Jambo jema halitaki haraka."

Kisha akainama kwa madaha, akaikata kamba kwa mdomo.

Fyuu! Tausi huyo angani, anapiga mayowe, akamwangukia Kenge mgongoni palepale mlangoni pa kiota. Kenge akatokomea matopeni.

Korongo akashusha pumzi, kisha akacheka.

"Kaka, funga kamba nyingine. Na wewe Mheshimiwa, maadamu umeshafika, yalalie mayai mpaka nije!"